Kuupa Mwaka Kisogo

Jumamosi, 13 Desemba

Leo nimepata wito wa maisha yangu. Umekuja saa moja na nusu asubuhi, kwa redio, nikiwa uani napiga mswaki.

Adela, mtayarishaji wa vipindi wa redio ya hapa mjini Sumbawanga, katangaza kwamba tarehe mosi Januari kutakuwa na kipindi maalumu kuhusu namna watu mbalimbali wanavyoupokea mwaka mpya. Anatafuta mtu wa kukiongoza. Mtu mwenye kiu ya mila na desturi. Atakayefanya vizuri atapewa kipindi cha kila wiki! Nikameza dawa ya meno.

Mtu huyo ni mimi. Kasmir. Miaka thelathini na tisa, akili timamu, sauti nzito hasa nikiwa ndiyo kwanza nimeamka. Tangu Oktoba, ilipokufa mashine ya fotokopi ya steshenari niliyokuwa nafanyia kazi pale Majengo, sina shughuli. Yaani nilikuwa nasubiri jambo kubwa. Limefika.

Dada Evodia, ambaye naishi kwake hapa Kizwite, hakushangilia. Kasema jambo kubwa lilishafika wiki iliyopita: shemeji Ignasi, ndugu wa marehemu mumewe, anataka mtu wa kushona magunia ya mahindi kule Laela. Tarehe tano Januari naondoka, labda niwe nimepata kazi. Nikamwambia nitakuwa nimeipata. Akauliza kama ni kazi ya kusimama uani na povu mdomoni.

Jioni, habari mbaya. Mwalimu Calvin, jirani wa nyumba ya tatu, naye anagombea. Calvin anafundisha jiografia. Anavaa miwani ambayo, naapa, ni vioo vitupu. Huivua akitaka kusikilizwa. Leo kaivua, akanieleza kwamba utafiti una mbinu zake.

Mbinu! Ataziona.


Jumapili, 14 Desemba

Utafiti umeanza. Kwenye simu. Watu wana mambo duniani! Wahabeshi wana miezi kumi na mitatu, na mwaka wao huanza Septemba. Wachina, siku ya kwanza ya mwaka wao, hawafagii, wasije wakaifagia na bahati. Wahispania hula zabibu kumi na mbili, moja kwa kila mlio wa kengele.

Mtafiti hawezi kuzungumzia asichokionja. Zabibu hakuna. Nikachukua masuku, matunda ya porini ambayo dada alikuwa ameyaweka kwenye bakuli. Kengele nikatumia mfuniko wa sufuria. Masuku yana mbegu kubwa. Wahispania hawakunitahadharisha juu ya hilo. La tano likakwama kooni.

Dada alinipiga mgongoni kwa kiganja kilicholima ekari tatu za ulezi. Mbegu ikatoka, ikaruka hadi kwenye beseni la nguo. Akauliza nilikuwa nafanya nini. Nikasema, kwa sauti iliyokuwa imebaki, kwamba ule ni utamaduni wa Hispania. Akasema Wahispania wafe wenyewe.

Kwa kuwa nilikuwa dhaifu, nikamweleza habari za Wachina na kutofagia. Akanikabidhi ufagio. Kasema yeye si Mchina, na leo si mwaka mpya.


Jumatatu, 15 Desemba

Nimekwenda Majengo dukani kwa Mzee Hamis. Anauza mabati, misumari na rangi, na hakuna mtu mjini asiyemfahamu. Lengo: mwaka mpya wa Waislamu. Niliondoka nyumbani bila chai, makusudi. Nilitarajia pilau.

Shikamoo, marahaba. Nikauliza wamejiandaaje na mwaka mpya. Akauliza upi. Nikasema wa kwenu. Akasema wa kwao uligeuka tangu Juni, mwezi wa Muharram ulipoandama.

Nimechelewa nusu mwaka!

Sikukata tamaa. Nikauliza juu ya ngoma. Hakuna ngoma. Vyakula? Akasema ni siku ya kukumbuka Hijra, safari ya Mtume kutoka Makka kwenda Madina. Watu huomba dua, na siku chache baadaye wengine hufunga. Aliposema kufunga, tumbo langu likanguruma mbele ya wateja. Mmoja akageuka kuangalia kama ni pikipiki.

Mkewe, Bi Ashura, ndiye aliyeniokoa. Alitoka ndani na chai na chapati, huku akicheka. Yeye kwao ni Makunduchi, Unguja. Akanisimulia Mwaka Kogwa wao wa mwezi wa saba: wanaume wanagawanyika makundi mawili, wanachapana kwa vigogo vya migomba, kila mtu anatoa dukuduku lake la mwaka mzima, na jioni hakuna mwenye kinyongo. Kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto na mzee akiwa ndani, anachomoka upande wa pili.

Moyo ulilipuka. Kuchapana! Kihalali! Nimekula chapati nne na kuondoka na mpango.


Jumatano, 17 Desemba

Adela katuita wagombea ofisini. Walikuwa wanane kwenye orodha, tumefika wawili. Ana kalamu imechomekwa kwenye nywele na hacheki ovyo.

Calvin alianza. Kavua miwani, kasoma dodoso lenye maswali arobaini. Nikasinzia kwenye la tisa.

Zamu yangu. Nikasema maneno matupu hayafai, desturi lazima ionekane. Nikatoa vipande viwili vya mgomba nilivyokuwa nimevificha nje ya mlango. Nikampa Calvin kimoja. Nikaeleza Makunduchi. Kisha, kwa ajili ya elimu, nikamchapa.

Nilikusudia mara moja. Lakini madukuduku yalikuwa mengi. La miwani. La kunirekebisha Kiswahili mbele za watu. La ngazi yetu aliyoazima mwaka juzi. Calvin akawa anarudi nyuma kuelekea kwenye meza ya Adela, akipiga kelele kwamba yeye hajatoa idhini. Mgomba ulikuwa na maji mengi kuliko nilivyodhani. Yakaruka hadi ukutani.

Adela alifuta karatasi zake.

“Kaka Kasmir,” akasema, “ya Makunduchi tutampa kipaza sauti Bi Ashura atusimulie mwenyewe. Ya hapa kwetu Ufipa yako wapi? Wazee wetu waliupokeaje mwaka?”

Nikautazama mgomba mkononi. Calvin naye alikuwa akikamua shati.

Katupa hadi tarehe ishirini na saba. Anataka desturi ya hapa, na watu hai wanaoijua. Nitaipata. Hata kama imefukiwa ardhini, nitaichimba.


Ijumaa, 19 Desemba

Nimeichimba ardhi. Ndiyo kilichotokea.

Bibi Zita ni mama wa ubatizo wa dada Evodia. Ana miaka themanini na kitu, anaishi peke yake mashambani, nusu saa kwa miguu kutoka Kizwite. Mumewe, Mzee Teodori, alifariki mwanzoni mwa mwaka huu. Nikasema huyu ndiye. Huyu ana Ufipa wote kichwani.

Nikamkuta shambani. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu. Nikafungua daftari, nikauliza zamani waliupokeaje mwaka mpya.

“Mwaka mpya?” akasema. “Mvua ikinyesha tunatoka na majembe. Huo ndio mwaka.”

Nikauliza sherehe. Akasema nani angecheza ngoma Desemba, shamba likiwa na majani kiasi hiki? Tarehe mosi Januari walienda kusali, wakarudi palizini. Nikauliza kama hakukuwa hata na kitu kidogo, wimbo, kafara, kuruka moto. Akanitazama kwa huruma, akanipa jembe, akasema tuzungumze tukipalilia.

Tumepalilia hadi saa kumi. Desturi tuliyogundua: hakuna. Mistari tuliyomaliza: yote.

Akanikaribisha jikoni nile ugali wa ulezi na maharage. Hapo mgongo ukawa umekaza. Nilikunjika kama kisu cha kukunja. Mlango wa jiko lake ni mfupi, na wakati wa kutoka sikuweza kugeuka wala kunyooka. Ikabidi nitoke kinyumenyume, kisigino mbele, mikono ikipapasa fremu.

Bibi Zita alicheka hadi akashika ukuta. Akajifuta machozi kwa khanga. Akanifungia maharage ya dada.

Nimefika nyumbani jioni, bado nimepinda, nikiwa na mpango mkubwa kuliko yote niliyowahi kuwa nayo.


Jumapili, 21 Desemba

Kama desturi haipo, itengenezwe. Desturi zote duniani kuna mtu alizianza. Kwa nini asiwe wa Kizwite?

Inaitwa Kisogo cha Mwaka. Nimeiandikia rasimu mbili, na tarehe juu. Asubuhi ya mwaka mpya unatoka nyumbani kinyumenyume, ungo wa ulezi kichwani, kisigino cha kushoto kwanza, hatua saba. Maana yake unaupa mwaka wa zamani kisogo, na shida zake zikidhani unaingia ndani, zinabaki kukusubiri humo. Kisha husemi neno hadi mtu aliyekuzidi umri akusalimu kwanza. Hilo la mwisho nimeliweka ili kuwe na nidhamu.

Ni nzuri mno! Niliposoma kwa mara ya tatu nilijisikia Mfipa kuliko wakati wowote.

Sasa inahitaji watu wanaoijua. Baada ya misa nimemnong’oneza mama wa kwaya mmoja, kwa siri, kwamba nasikia watu wanaanza kuisahau ile mila ya kisogo. Nikamnong’oneza fundi baiskeli. Nikamnong’oneza na muuza vitumbua. Kila mmoja nimemwomba asimwambie mtu. Kwa hiyo itaenea upesi.

Jioni nikamjaribu dada. Nikamuuliza, kama vile kwa bahati, anakumbuka habari za kutoka kinyumenyume mwaka mpya? Akaacha kuchambua maharage. Akasema sana tu! Bibi alikuwa anafanya. Anamwona kabisa, na ungo wake.

Bibi yake ndiye bibi yangu. Tumelelewa nyumba moja. Bibi hajawahi kutoka kinyumenyume hata siku moja.


Jumanne, 23 Desemba

Imeenea kupita kiasi.

Nimekwenda Majengo kunyoa. Kwenye kibanda cha kinyozi watu watano walikuwa wakibishana juu ya Kisogo cha Mwaka, sauti juu. Mmoja anasema ungo uwe na ulezi, mwingine anasema mahindi, inategemea umetoka upande gani wa Ufipa. Nikajiingiza kwa heshima, nikasema ni ulezi, na kisigino cha kushoto kwanza.

Kinyozi akasimamisha mashine katikati ya kichwa changu. Akasema cha kulia.

Nikasema kushoto.

Akauliza mimi nimeijulia wapi. Angalau yeye kaambiwa na baba mkwe wake. Nikasema nina hakika. Akawaambia wenzake kwamba ndivyo walivyo watu waliozoea kukaa mjini, mila za kwao wenyewe hawazijui. Wakacheka wote. Nikanyamaza, kwa sababu nusu ya kichwa ilikuwa bado haijanyolewa.

Mtu kutunga kitu kwa mkono wake, kisha akasahihishwa!

Lakini naona mwanga. Tarehe ishirini na saba nitaingia kwa Adela na desturi iliyo hai mji mzima. Laela wamsubiri mtu mwingine.


Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Misa ilikuwa nzuri. Baada ya misa ikaharibika.

Nimemkuta Calvin nje ya kanisa na dodoso lake na foleni ya watu. Foleni! Nikasogea kama nafunga kamba ya kiatu. Nikasikia akimuuliza mama mmoja kama amewahi kuona au kusikia mtu akitoka nyumbani kinyumenyume asubuhi ya mwaka mpya. Mama akasema ndiyo, tangu yuko mtoto. Calvin akaweka alama ya vema.

Viatu vyangu havina kamba. Calvin aliligundua hilo. Kavua miwani, kanionyesha karatasi. Watu thelathini na mmoja wamethibitisha. Akasema, kwa unyenyekevu wa kuudhi, kwamba huo ni ugunduzi mkubwa na kwamba ameupata kwa mbinu.

Dada kapika pilau na kuku. Nimekula bila kusikia ladha. Mara mbili.


Jumamosi, 27 Desemba

Kwa Adela. Nilifika saa moja kabla. Calvin alikuwa ameshafika.

Kaweka ukutani chati. Ameipatia desturi yangu jina la Kifipa, refu, ambalo hata Adela, Mfipa wa kuzaliwa, aliomba arudie. Kasema kisigino ni cha kulia, kwa asilimia sitini na nane. Kasema shahidi wake mkuu ni mzee wa miaka themanini na zaidi, ameulizwa shambani kwake na kukiri kwa mdomo wake kwamba ameona. Jina: Bibi Zita.

Bibi Zita! Aliyeniambia mwaka mpya ni palizi!

Nikasimama nikasema hiyo desturi ni yangu. Adela akauliza yangu kivipi. Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza, kwamba nimeigundua mimi, lingenifanya mwizi wa utafiti wa Calvin. La pili, kwamba nimeitunga, lingenifanya mwongo. Nikasema ni yangu kwa maana ya kwamba naipenda sana.

Calvin akasema mila haina mwenyewe. Akavaa miwani.

Kapewa kipindi. Kitarushwa hewani moja kwa moja kutoka uani kwa dada Evodia, kwa kuwa uwanja ni mkubwa na dada ana ungo mzuri. Mimi nimepewa kazi ya kuonyesha namna ya kutoka. Yaani nitatoka kinyumenyume redioni, ambako hakuna anayeona.

Nimekubali. Adela alidhani ni ustaarabu. Hajui kwamba ninazo rasimu, zenye tarehe ishirini na moja, zenye maneno yaliyofutwa na mishale. Hewani, mbele ya mkoa mzima, nitazitoa mfukoni nizisome. Nitaitwa mwongo, sawa. Lakini Calvin ataitwa msomi aliyedanganywa na mtu wa fotokopi. Kwa bei hiyo niko tayari.

Dada anapiga pasi shati langu. Hajui ni la vita.


Alhamisi, 1 Januari

Naandika mara tu baada ya chakula, kabla sijasahau lolote.

Nilipoamka, Kizwite nzima ilikuwa inatoka kinyumenyume. Nimeona kwa macho yangu. Wamama na nyungo, vijana wakishikana mabega, mwanamume mmoja kaingia mtaroni hatua ya nne. Na kimya! Hakuna mambo, hakuna poa, hakuna heri ya mwaka mpya. Watu wanapita barabarani midomo imefungwa, wanatafuta mtu mzima wa kuwasalimu kwanza. Mimi mwenyewe kijana mmoja alisimama mbele yangu kama mlingoti. Nilichukua muda kuelewa kwamba mzee ni mimi.

Saa nne ua ulijaa. Mzee Hamis alikuja na Bi Ashura, kwa udadisi, wamebeba sahani ya kaimati. Bi Ashura alisema kwao wanachapana, huku wanarudi nyuma, bora kila mtu na lake. Calvin alivaa tai. Rasimu zilikuwa mfukoni mwa shati.

Bibi Zita alikuwa ameketi kwenye kiti chetu kizuri, gauni jipya. Akaniita kwa kidole. Nikainama kumwamkia. Akanishika kifundo cha mkono.

“Mgongo umepona?” akauliza, taratibu.

Nikasema umepona, bibi.

“Mwalimu alikuja akaniuliza kama nimewahi kuona mtu akitoka nyumbani kinyumenyume. Nikasema ndiyo. Sikusema uongo, nilikuona.” Macho yalikuwa yanacheka. “Hakuniuliza lini.”

Anajua! Nikaanza kujieleza, akanikaza mkono.

“Tangu nimzike Mzee Teodori, mlango wangu ulikuwa haupigwi hodi. Krismasi nimekaa peke yangu. Leo alfajiri nimefungua, watu kumi na saba nje. Wamesimama kwenye umande, hawasemi, wananisubiri niwasalimu, maana mkubwa kwangu hakuna upande ule. Nimewasalimu mmoja mmoja. Wengine sikuwa nawajua hata majina. Wameniambia, na wameniachia ulezi.” Akaniachia mkono. “Sasa wewe fanya ulilokuja kufanya.”

Sijui alikuwa anajua kilichokuwa mfukoni. Wazee hawa.

Calvin akaanza kuzungumza hewani. Mizizi, miktadha, asilimia. Karatasi zilikuwa zinanichoma kifuani. Nilikuwa mlangoni, ungo kichwani, kazi yangu ikiwa ni kusubiri ishara ya Adela. Sentensi moja tu! Nilikuwa nimeikariri tangu Jumamosi. Nikamtazama Calvin, tai yake. Nikataka kuisema kuliko nilivyowahi kutaka chochote. Kisha nikamwona Bibi Zita kwenye kile kiti, na wale watu wa mashambani wamemzunguka, mwanamke mmoja anamtengenezea khanga begani.

Nikanyamaza. Sijui kwa nini. Nadhani ilikuwa njaa.

Adela akatoa ishara. Nikatoka. Kisigino cha kulia, kwa ajili ya kinyozi. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tano nikakanyaga kitu cha mviringo, kikaviringika. Nikaenda chini na ungo, ulezi ukamwagika ua mzima, na kuku wa dada wakaja kama waliokuwa wamealikwa.

Kitu cha mviringo kilikuwa waya wa redio. Ulichomoka. Naandika hapa ambapo hakuna wa kumdanganya: haikuwa makusudi!

Calvin hakujua. Akaendelea kuueleza mkoa kwa dakika nane nzima, na mkoa haukuwa unasikia kitu. Fundi wa redio alipouunganisha tena, sauti ya Calvin ilikuwa imekauka na alikuwa amekwenda kunywa maji. Adela, kwa kubabaika, akamsogezea kipaza sauti mtu aliyekuwa karibu. Alikuwa Bibi Zita.

Bibi akawasalimu. Wote. Akasema kama kuna mtu yuko ndani huko Laela, Namanyere, popote, hajasemeshwa na yeyote tangu asubuhi, basi yeye Zita ni mkubwa kwake na anamsalimu kwanza, afungue kinywa. Kisha akaeleza palizi. Kisha akaeleza Mzee Teodori alivyokuwa akilala wakati wa mahubiri. Watu walicheka na dada Evodia akalia. Adela alichomoa kalamu kwenye nywele na hakuandika kitu.

Simu zimepigwa redioni hadi mchana. Wasikilizaji wanasifu hasa zile dakika nane za ukimya. Wanasema hawakujua kama hata hilo ni sehemu ya mila.

Kipindi cha kila wiki kapewa Bibi Zita. Calvin atamshikia kipaza sauti na kumsomea barua za wasikilizaji. Kakubali. Nilimwona akivua miwani ili afute machozi, na vioo vilikuwa vitupu kweli, kama nilivyosema siku zote.

Mimi sijapewa kitu. Mzee Hamis alinishika bega akasema nimeanguka vizuri. Dada aliokota ulezi, akanipakulia nyama nyingi kuliko kawaida, kisha akanikunjia mashati mawili kwenye begi.


Jumanne, 6 Januari. Laela

Nimefika jana. Shemeji Ignasi ni mtu mwema asiye na maneno mengi. Ghala liko kando ya barabara kuu, mabasi ya Tunduma yanasimama hapo mbele. Nimepewa sindano ya magunia na uzi. Kidole gumba kimevimba.

Nimetafakari sana njiani. Nimeamua kuwa mtu mwingine. Kazi, sala, kulala mapema. Mipango basi! Nilidumu hadi saa tatu asubuhi.

Mnunuzi mmoja wa mahindi alisimama mbele ya gunia nililolishona, akasitasita, akasema mshono umekaa upande. Ulipinda pale nilipojichoma kidole. Nikajikuta namwambia kwamba hapa Laela, tangu enzi za mababu, gunia la kwanza la mwaka hushonwa upande, na mnunuzi huligonga mara mbili kwa kifundo cha kidole kabla hajalinunua, kuliombea baraka. Akalitazama gunia kwa macho mapya. Akaligonga mara mbili. Akalichukua.

Kufika saa saba walikuwa wanagonga wanne. Saa tisa shemeji Ignasi mwenyewe nilimwona akigonga, akidhani hakuna anayemtazama.

Jioni kashuka kwenye basi mwanamume mwenye kofia, mfanyabiashara wa Tunduma, sijawahi kumwona. Nikamweleza juu ya kugonga. Akanirekebisha. Si mara mbili, akasema, ni mara tatu, na kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza kaijulia wapi. Akasema kwa babu yake.

Nimeandika kila kitu. Tatu, kushoto, babu. Barua ya kwenda kwa Adela nimeshamkabidhi kondakta wa basi linalokwenda Sumbawanga.